Mwezi wa mshahara au mwezi wa angani? Ulinganisho kwa mwanachuo wa Mwanza ambaye bado hajaamua

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alinifuata Mwaloni, soko la dagaa na samaki pale Kirumba. Yuko mwaka wa pili, anasoma biashara Malimbe, na alikuwa na sura ya mtu aliyepewa ushauri na watu watatu ndani ya wiki moja. Baba yake anataka aingie serikalini. Rafiki yake aliyemaliza mwaka jana yuko kwa mkandarasi mmoja huko Geita, kila wiki anamtumia picha akiwa na kofia ngumu na koti la kung'aa. Yeye mwenyewe ni mtoto wa ziwani, alijua bei ya dagaa kabla hajajua bei ya mkate.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Umekula?"

La kula hakulijibu. "Mjomba, hivi mtu anajuaje kwamba kazi fulani ndiyo itakayomfaa?"

Mbele yetu mama mmoja alikuwa amekalia kiroba cha dagaa, amefunga kanga kiunoni, anahesabu noti kwa kulowesha kidole kwa mate. Nikamuuliza mpwa wangu: yule mama analipwa tarehe ngapi? Akacheka. "Hana tarehe. Analipwa akiuza." Na anauza lini? Hapo akafikiri kidogo, maana jibu analijua tangu utotoni: mzigo unashuka wakati wa giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa mchangani na vijana wanalala au wanashona nyavu. Siku kumi hivi za kila mwezi kambi nzima haiingizi kitu, ila inakula.

Kwa hiyo hapa kwetu kuna watu wa aina mbili. Kuna wanaoishi kwa mwezi wa kalenda, ambao tarehe ikifika simu inalia ujumbe wa benki, na kuna wanaoishi kwa mwezi wa angani. Kabla hujauliza kazi gani ina mshahara mkubwa, jiulize wewe ni mtu wa mwezi upi. Nimeona wenye akili nyingi wakishindwa maisha ya mwalo kwa sababu wiki mbili bila hela zinawakosesha usingizi. Na nimeona mwingine akiacha kazi ya ofisini yenye kiyoyozi kwa sababu kujua mshahara wa miaka kumi ijayo kulimnyong'onyeza.

Nitaziweka njia hizi kando kwa kando kama nilivyomwekea yeye. Mimi si mshauri wa taaluma. Nilisomea uhasibu, nikasubiri ajira, nikafanya kazi kiwanda cha samaki, na sasa natunza hesabu za kikundi cha matajiri wa mitumbwi upande wa Igombe. (Tajiri huku ni mwenye mtumbwi, hata kama anadaiwa na dunia nzima.)

Serikalini

Nianze na sifa zake, kwa sababu vijana wa mtandaoni wanapenda kuidharau kazi ambayo bado wanaiomba kimyakimya. Mshahara una tarehe. Bima ya afya inakuhudumia wewe na wategemezi wako. Michango ya pensheni inakwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kila mwezi, na unaweza kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55 au kwa lazima ukiwa na 60. Benki inakukopesha kwa kuangalia hati yako ya mshahara tu. Ukiugua miezi miwili, kazi yako unaikuta. Nenda kamuulize mwenye mtumbwi aliyelazwa Bugando miezi miwili amekuta nini mwaloni.

Na kuna watu ambao roho yao iko hukohuko. Afisa uvuvi anayeijua kila kambi ya kisiwa, muuguzi wa zahanati, mwalimu ambaye watoto wanamkimbilia njiani kumbebea mkoba: hao hawakukimbilia usalama peke yake.

Kinachochosha ni mambo mawili. La kwanza, hupangi mahali. Unaweza kuwa umekulia Mabatini, ukapangiwa Ukara: meli mpaka Nansio saa tatu na zaidi, uvuke Kisiwa cha Ukerewe mpaka Bugolora, halafu kivuko tena. Ni njia hiyo ya Bugolora na Ukara ambako MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, kwa hiyo usishangae bibi yako akilia unapofungasha. Ninayemjua alikwenda huko akilalamika, sasa ana shamba la mihogo, mke na ng'ombe wanne, na ukimtajia uhamisho anabadilisha mazungumzo. Mwingine alidumu miezi saba tu.

La pili ni foleni ya kuingia. Maombi yanapitia Sekretarieti ya Ajira, unafanya mchujo wa kuandika, ukipita unakwenda mahojiano, ukifaulu bila nafasi kutosha jina linabaki kwenye kanzidata. Hata walimu siku hizi wanafanyiwa usaili. Utaratibu huo sina ugomvi nao. Ninachogombana nacho ni kijana anayegeuza kusubiri kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilikaa nyumbani miezi kumi na tisa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua simu kuangalia tangazo la kuitwa kwenye usaili, halafu nalala tena. Mwezi wa ishirini nilipokwenda kuomba kazi kiwandani, yule mama wa utumishi hakuuliza GPA. Aliuliza, "Tangu umalize umekuwa ukifanya nini?" Sikuwa na sentensi hata moja.

Kwa hiyo ninapolinganisha serikalini na njia nyingine, nalinganisha vitu viwili tofauti: kazi ya serikali, ambayo ni nzuri kwa mtu wa mwezi wa kalenda, na kuisubiri, ambayo haimfai mtu yeyote. Omba kila tangazo linalokuhusu. Ila omba ukiwa na kitu kingine mkononi.

Kampuni

Hapa Mwanza neno kampuni lina sura nyingi, nami nitakaa zaidi kwenye ile niliyoivaa mwilini.

Kiwanda cha minofu ya sangara hakifanani na ofisi. Unaingia unabadili nguo: gambuti nyeupe, koti jeupe, kofia ya kufunika nywele, unapita kwenye maji ya dawa. Ndani ni baridi, sakafu imelowa, visu vinakwenda. Mimi nilikuwa mapokezi, upande wa hesabu. Gari la wakala linafika saa nne usiku, samaki wamelala kwenye barafu, mkaguzi wa ubora anashika shavu la samaki analifunua anatazama rangi, mwingine anapima urefu. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na hapo ndipo kelele zinapoanza, kwa sababu wakala anadai samaki wake ana hamsini na rula yako imepinda. Mimi nikiwa na kalamu na karatasi iliyolowa, naandika kilo. Harufu inakufuata mpaka kwenye daladala ya Buzuruga, watu wanasogea kukupisha. Kuna siku hilo nililiona faida.

Nilijifunza humo kuliko miaka mitatu ya darasani: namna mzigo unavyopungua uzito barafu ikiyeyuka, nani anaiba na kwa njia gani, kwa nini mabondo yanafungiwa chumba chenye kufuli mbili. Mabondo ni vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara. Wachina wanayanunua kwa bei ambayo minofu haiioni hata kwa darubini.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba aliyeshika mkate wako yuko mbali. Wafanyakazi wa zamani walinisimulia mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa miezi kadhaa, watu wakarudishwa nyumbani bila kosa lolote walilofanya. Samaki akipungua ziwani, zamu zinapunguzwa. Mkataba wako ukiwa wa miezi mitatu mitatu, usinunue kiwanja kwa mkopo.

Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, ni hadithi jirani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 hivi za maji kati ya Kigongo na Busisi, ambazo kwa foleni ya kivuko zilikuwa zinakula hata saa mbili, zinakatwa kwa dakika chache. Mtu anaweza kufanya kazi mgodini na familia ikabaki Mwanza. Malipo ni mazuri, usalama kazini unachukuliwa kwa uzito. Ila wengi wanaotuma picha za kofia ngumu wameajiriwa na makandarasi, siyo na mgodi wenyewe, na mkataba wa mkandarasi unaisha pale kazi yake inapoisha. Zamu ni za saa nyingi, usiku na mchana. Rafiki wa mpwa wangu hajawahi kutuma picha ya saa tisa usiku.

Benki na kampuni za simu sitazisemea sana. Ukiwa unapenda watu na tageti haikupi shinikizo la damu, nenda. Ukiwa mtu wa kuona aibu kuombaomba, hata makoti mazuri ya benki hayatakusaidia.

Ziwani kwa hela yako

Hapa ndipo macho ya mpwa wangu yalipokuwa yameelekea, kwa hiyo hapa nilikuwa mkali.

Vizimba vya kufugia sato ziwani vimekuwa wimbo wa Mwanza. Serikali kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo imekopesha vizimba na boti, na halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ukimsikiliza mhamasishaji, unaweka vifaranga, unalisha, baada ya miezi sita au minane unavuna, unanunua gari. Hesabu ninazoandika mimi zina mstari mmoja ambao mhamasishaji anaupitia mbio: chakula. Zaidi ya nusu ya gharama zote inakwenda kwenye chakula cha samaki, na samaki hana mbalamwezi, anakula kila siku. Ukikwama mwezi wa nne huna hela ya chakula, huwezi kumwambia sato asubiri. Wengi wanakwamia hapo, wanakimbilia mkopo wa kausha damu, na mavuno yakitoka yanakuwa ya mkopeshaji. Tena kuna siku maji ya chini yanapanda, hewa inapungua, unaamka asubuhi samaki wameelea matumbo juu.

Dagaa ni tofauti. Mzunguko wake ni mfupi, unaona matokeo giza moja baada ya jingine, na unaweza kuanza bila mtumbwi. Mtu mwenye kichwa cha biashara ananunua mwaloni, anaanika kwenye vichanja badala ya mchangani, anapanga kwa ubora na kuuza kwa bei nzuri kidogo. Dagaa asiye na mchanga ana mteja wake, na pale Kirumba wanunuzi wanatoka mpaka Kongo. Mvua ikinyesha ya siku tatu mfululizo, mzigo unaoza, na hiyo ndiyo ada yako ya shule.

Raha yake? Sijui kama naweza kuieleza kwa haki. Saa kumi na moja alfajiri mitumbwi inarudi, taa bado zinawaka moja moja, watu wanaitana majina, na ndani ya saa moja umeshajua leo umepata au umekosa. Hakuna kikao. Hakuna mtu wa kumwandikia dokezo. Aliyezaliwa kwa hiyo, ofisi itamuua polepole. Ila anayeipenda kwenye picha tu, giza mbili zinamtosha.

Ufundi, kwa wasiouona

Wanachuo wengi wanapita juu ya hili kama linawahusu wadogo zao waliofeli. Angalia kilichojengwa hapa: MV Mwanza, meli ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini bandari ya Mwanza Kusini Februari 2023, reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, daraja lenyewe. Mchomeleaji mzuri alikuwa na kazi katika vyote vitatu, mmoja baada ya mwingine, bila kuulizwa cheti cha kidato cha sita. VETA ipo Nyakato, chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, na hakuna sheria inayomkataza mwenye digrii kusoma kozi fupi. Namjua mwenye digrii ya sosholojia anayetengeneza injini za boti. Anasema watu wa mwaloni wanamwita profesa, na wanamlipa.

Tukiziweka bega kwa bega

Kwa hela, serikali ndiyo yenye uhakika, kampuni inaifuata kwa karibu mpaka siku mkataba unapoisha, na ziwani ni mawimbi. Lakini usisahau Bodi ya Mikopo. Kama ulisoma kwa mkopo wake, ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla hujaugusa. Mwanachuo anayelinganisha mshahara wa tangazo na faida ya kiroba cha dagaa analinganisha samaki mbichi na mkavu. Naye mfanyabiashara asijidanganye, deni hilo ni lake pia na linamsubiri palepale.

Kwa uchovu, na hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote, kila kazi ina uchovu wake, na kazi inayokufaa ni ile ambayo uchovu wake unalala nao. Serikalini unachoshwa na kungoja: saini, bajeti, uhamisho. Kiwandani na mgodini unachoshwa mwili na saa. Benki unachoshwa na watu. Ziwani unachoshwa na kutojua. Mimi kutojua kunanichosha mpaka tumbo linauma, ndiyo maana nipo mwaloni lakini nimeshika daftari, sijashika wavu. Ilinichukua miaka sita kulijua hilo, na hakuna mtihani wa chuo uliolipima.

Kwa kubadili njia baadaye, kampuni ndiyo yenye milango mingi. Aliyefanya kiwandani miaka miwili anaweza kwenda serikalini kwa usaili akiwa na cha kusema, au ziwani akiwa anajua nani mnunuzi wa kweli. Aliyeko serikalini anatoka kwa shida, siyo kwa sababu mlango umefungwa, ni kwa sababu ya mikopo aliyochukua kwa ile hati ya mshahara. Aliyeanza ziwani kwa hela ya ukoo akianguka, anaanguka pamoja na shangazi zake wote.

Kumbuka pia kuna taaluma ambazo digrii ni nusu ya safari. Mhasibu anayetaka kusaini vitabu ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, mbele yake, mwanasheria anayetaka kusimama mahakamani ana shule ya sheria kwa vitendo Dar es Salaam, daktari ana miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi. Kama roho yako iko huko, hesabu miaka yote, siyo ile ya joho tu.

Basi mpwa wangu akaniuliza nilichojua ataniuliza: "Wewe ungekuwa mimi?"

Ningekuwa mwanachuo ambaye kweli hajui, ningeanza na kampuni, hata kiwanda kinachonuka, hata kwa mshahara mdogo, huku naomba serikalini kila tangazo. Vizimba nisingegusa kabla ya miaka mitatu. Dagaa ningejaribu likizo, kwa hela ambayo ikipotea hakuna atakayelia. Baba yake hatapenda nilivyosema, nitampigia mwenyewe.

Halafu kuna field, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Wengi wanapeleka barua pale ambapo mjomba wa mtu yupo, wanakaa wiki nane wakitoa fotokopi, wanarudi na barua nzuri ambayo haikuwafundisha kitu. Wiki nane ni nafasi ya kuonja uchovu wa watu wengine bila kufunga ndoa nao. Nenda pale unapopaogopa kidogo. Usimuulize bosi, atakupa hotuba. Subiri saa ya chai, muulize aliyekaa hapo miaka mitano: mara ya mwisho kugombana kazini ilikuwa kwa sababu ya nini? Mshahara wako unaisha tarehe ngapi? Mtoto wako ungependa aje afanye kazi hapa? Kwenye hilo la tatu usisikilize jibu peke yake, tazama anachukua muda gani kujibu.

Yule mama wa kiroba alimaliza kuhesabu, akafunga noti kwenye ncha ya kanga, akasimama. Mpwa wangu alimfuata. Waliongea muda mrefu kuliko nilivyotegemea, mimi nikaagiza sato wa kukaanga na ugali kwa ajili yetu wawili, maana la kula bado hakuwa amelijibu.

Amepeleka barua mbili za field, moja kiwanda cha samaki, moja ofisi ya halmashauri. Kiwanda hakijajibu. Jana usiku alinitumia ujumbe kuuliza giza linaanza lini. Nimemwambia Jumatano, aje na sweta.